Wimbo wa asili una wenyewe

Kwa muda mrefu mwimbaji wa muziki wa asili alikuwa mtu wa kikundi. Alivaa sare ya wenzake, akasimama kwenye mstari, akaitikia, na jina lililoandikwa kwenye kanda likawa la kikundi au la mwanamume aliyekiongoza. Hali hiyo inabadilika. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo wa Tanzania, walitoa albamu ya Maisha wao wenyewe wakiwa waimbaji wakuu, katika ukoo ambao dunia iliujua kwa sauti za wanaume. Wapo wengine wasio na jina kubwa wanaoifuata njia hiyohiyo, mmoja mmoja, kila mtu na albamu yake. Tena albamu hizi haziji kimya. Mwimbaji huketi mbele ya kamera akaeleza wimbo huu ulitoka wapi, ule aliupokea kwa nani, huu mwingine aliutunga baada ya msiba gani. Mashabiki vijana huyapokea maelezo hayo kama udaku: wanataka kumjua mume aliyeimbwa, alimwacha nani, na kama ni kweli. Wazee wa muziki nao hununa. Wanasema huyu amechukua nyimbo za watu wote akazibandika jina lake, na sasa anatafuta hadithi za kuzifanya zionekane zake.

Naona pande zote mbili zimelipokea vibaya jambo hili. Kisa cha wimbo wa asili ni sehemu ya wimbo wenyewe, na ndiyo sehemu inayobeba ushahidi: nani alitunga, nani alipokea, nani aliruhusiwa kuimba, na tukio gani lilimfanya mtu afungue kinywa. Mwimbaji anayetoa albamu kwa jina lake hajafanya kosa kwa kusimama peke yake. Anakosea akinyamaza kuhusu waliomfikisha hapo. Kwa hiyo, badala ya kumwambia aache kusimulia, tungemtaka asimulie zaidi na kwa majina.

Turudi kwanza kwenye namna wimbo wa asili unavyofanya kazi ukiwa kwao. Manju huanzisha, wengine hudaka. Mistari ni michache, pengine miwili au mitatu, na haielezi kitu chochote mpaka mwisho. Hutaja jina la mtu, mto, ng'ombe aliyepotea, neno alilolisema mkwe. Mgeni akisikia ataona amefumbiwa. Mwenyeji hana fumbo la kufumbua, kwa sababu siku ya tukio alikuwapo, au mama yake alikuwapo. Kisa kilikaa vichwani mwa wasikilizaji, hivyo mtunzi hakuwa na haja ya kukiweka ndani ya wimbo. Mwanafasihi anayezisoma nyimbo hizi kwenye karatasi na kuziona zina maneno machache amesahau kwamba nusu ya maneno ilikuwa kwa wale waliozunguka uwanja.

Kurekodi ndiko kulikoutenga wimbo na watu wake. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili, sauti yake ilianza kufika kwa watu ambao hawakuwapo. Chukua wimbo wa Kijiti, ambao miaka mingi baadaye Bi Kidude, mwimbaji mwingine wa Zanzibar, naye aliuimba. Asiyejua atausikia kama taarabu yenye huzuni na kuupenda kwa sauti yake tu. Kisa chake ni cha mauaji. Mwanamke mgeni kutoka bara alichukuliwa na mwanamume aitwaye Kijiti, akatendewa unyama, akauawa. Kijiti akatoroka. Sheria ya mkoloni haikumtia mkononi, na walioishia kuadhibiwa ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Mtaa wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, uliliona jambo hilo, ukakosa mahali pa kulipeleka, ukalipeleka kwenye wimbo. Jina la mhalifu likatajwa hadharani, likachapwa kwenye santuri, likabaki. Msikilizaji wa leo asiyepewa kisa hajui kwamba anachosikiliza ni mashtaka. Anaweza hata kuuchezea kwenye sherehe, na hatakuwa na kosa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Wimbo huo unatufundisha jambo jingine pia, kuhusu hilo jina moja kwenye jalada. Santuri ilikuwa ya Siti, na alistahili. Alizaliwa Fumba katika familia iliyotoka kwenye utumwa, akauza vyungu, akahamia mjini, na kwa kipaji chake akawa sauti iliyosikika pwani yote. Lakini Siti hakuwa peke yake hata siku moja. Mbaruku Effendi Talsam, Buda bin Mwendo, Maalim Shaaban na Subeti bin Ambari walikuwa naye, wakipiga ala na kuimba. Nyumbani kwake habari za mtaa zililetwa, zikajadiliwa, zikatungwa, zikarekebishwa. Tunawajua watu hao kwa sababu wapo waliokaa kuandika na wapo wazee waliokubali kuulizwa. Kama tungebaki na santuri tu, tungekuwa na jina moja na sauti kadhaa zisizo na wenyewe.

Mfano wa pili unatoka upande wa ziwa, na kwangu ndio unaoeleza zaidi. Ayub Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa jina la Job Seda. Alipitia bendi za Nairobi, akaenda Uingereza, akapiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kwa wapita njia wa London, na mwaka 1993 albamu yake En Mana Kuoyo ikatoka. Ukiisikiliza unapata picha ya mtu mmoja na ala yake ya nyuzi 8, ametulia, hana haraka na mtu. Wimbo wa Kothbiro ndani yake unasema mvua inakuja, watoto warudishe ng'ombe nyumbani. Mwaka 2005 ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener, iliyopigwa Kenya, na hapo ukaanza safari ya pili. Ni rahisi sana kuudhania wimbo wa kale uliopatikana chini ya mti, usio na mtunzi. Lakini wimbo huo ulikuwa umekwisha kurekodiwa miaka ya 1970 na bendi ya Black Savage, vijana wa mjini wenye magitaa, na Ogada alikuwa mmoja wao. Mwaka 2018, rapa Kanye West alipoutumia kwenye wimbo wake, miongoni mwa majina ya watunzi yaliandikwa la Ogada na la James Mbarack Achieng, mwenzake wa bendi ile. Ogada alifariki mwanzoni mwa 2019.

Mvua na ng'ombe ni maneno ya kijijini. Waliouingiza studio ni vijana wa jiji. Aliyeurudisha kwenye nyatiti ni mtu mmoja aliyekuwa mbali na kwao. Hakuna hatua kati ya hizo inayoifuta nyingine, na hakuna mtu kati ya hao anayeweza kusema huu ni wangu mimi tu. Kisa kizima ndicho kinachomwezesha kila mmoja kupata stahili yake. Ukikikata ukabakiza sehemu ya mtu mpweke na nyatiti, umemwondoa Achieng. Ukibakiza sehemu ya "wimbo wa Waluo wa tangu zamani", umewaondoa wote wawili.

Sasa nije kwa wazee wanaonung'unika, maana hoja yao ina uzito na wanaowaita wenye wivu hawawatendei haki. Wanasema wimbo wa asili ni wa kupokezana, na albamu ya mtu mmoja inaua kupokezana. Ni kweli kwamba studio inabana. Ngoma iliyokuwa ikikesha inakatwa kuwa dakika 4. Mwimbaji anarekodi sauti yake, kisha anarekodi kiitikio kwa sauti hiyohiyo, anajiitikia. Nimewahi kukaa studio nikaliona hilo likifanyika, na nakiri niliumia, ingawa wimbo ulitoka mzuri. Kitu kinapotea pale: yule mwitikiaji anayeingia kabla ya wakati, anayebadilisha neno kwa makusudi, anayemlazimisha manju aongeze mstari. Teknolojia haijanipa jibu la hilo, na sidhani kama italipata.

Hata hivyo wazee wanasahau kwamba jina la kikundi nalo lilificha watu. Nani alitunga nyimbo zilizoimbwa na vikundi vya ngoma katika sherehe za taifa tangu uhuru? Mara nyingi ni mwanamke aliyekuwa mstari wa pili. Ukiuliza unaambiwa ni za kikundi, au ni za kabila, na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa desturi ya Wagogo, ngoma ya muheme ni ya wanawake, lakini zeze na ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, vilihesabiwa vya wanaume. Mwanamke wa ukoo wa Zawose anaposhika zeze na kuongoza, swali la nani alimfundisha, alijifunzia wapi, na alikatazwa na nani, linakuwa sehemu ya muziki anaoupiga. Ndani ya kikundi swali hilo lisingeulizwa. Jina lake likiwa kwenye jalada, linaulizwa. Kwa hiyo albamu binafsi inaweza kufungua mlango ambao umoja ule tunaousifu ulikuwa umeufunga. Sisemi inafanya hivyo kila mara.

Kuna wanaosema, kwa nia njema, kwamba wimbo ujisemee. Kama ni mzuri utamgusa msikilizaji bila maelezo, na kama unahitaji maelezo basi haujakamilika. Hoja hii inafaa kwa mashairi yaliyotungwa ili yasomwe na mtu asiyemjua mtunzi. Wimbo wa kutwangia, wa kubembelezea mtoto, wa kumuaga bibi harusi, haukutungwa kwa msikilizaji huyo. Bibi yangu alikuwa na wimbo mmoja wa kutwangia wenye mistari miwili tu, na nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza ulikuwa unasema nini. Akanijibu kwamba ni wa jirani yake wa ujanani, aliyeachwa mwaka wa njaa akiwa na watoto, na kwamba alikuwa akiuimba kwa nguvu ili mume asikie akipita. Nilikuwa nimeuimba miaka 20 nikidhani unahusu mahindi.

Hoja ya soko ni ngumu zaidi kuijibu. Inasema visa hivi vimeanza kutengenezwa kwa ajili ya msikilizaji wa mbali anayependa kusikia kuhusu nyika, bibi mwenye hekima na machozi ya utoto. Mwimbaji anajifunza upesi kisa gani kinauza, na baada ya albamu 2 kila wimbo una bibi. Nalikubali hilo. Nimesikiliza visa vya namna hiyo na unaweza kuvitambua: havina jina la mtu, havina mahali, havina mwaka hata wa kukisia, na kila mtu ndani yake ni mwema. Lakini tiba ya kisa cha uongo ni kisa chenye jina. Ukisema wimbo huu niliupokea kwa fulani, wa kijiji fulani, kwenye msiba wa fulani, kuna watu wanaoweza kukusahihisha. Watakupigia simu kesho yake. Kisa kinachoweza kupingwa ndicho kinachofaa kuaminiwa, na mwimbaji anayekubali kupingwa na watu wa kwao anastahili heshima kubwa kuliko yule anayesifiwa na wageni.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayorudiwa zaidi, ni hii: nyimbo za asili hazina mwenyewe, kwa hiyo yeyote achukue, aimbe, auze, na visa havina maana kwa kuwa hakuna wa kulipwa. Msemaji wa hoja hii hujiona mtetezi wa jamii. Akiitazama kwa makini ataona inamtetea mwenye mashine ya kurekodi. Afrika Kusini inajua gharama yake. Mwimbaji Solomon Linda alirekodi wimbo wake wa Mbube Johannesburg mwaka 1939. Wimbo ukavuka bahari, ukapokelewa Marekani kama wimbo wa jadi wa Kiafrika, ukabadilishwa jina, na mwaka 1961 ukawa maarufu duniani kwa maneno ya Kiingereza. Linda alifariki maskini mwaka 1962. Familia yake haikufikia makubaliano ya maana kuhusu haki zake mpaka mwaka 2006. Wimbo ulikuwa na mwenyewe, ana jina, ana watoto, na neno moja tu, "jadi", lilitosha kumfuta kwa zaidi ya miaka 40.

Hapa kwetu tuna wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurekodi na jina lake likafungamana nao, Adam Salim akadai hadi uzeeni kwamba yeye ndiye aliyeutunga kwa ajili ya msichana aliyempenda na kumkosa kwa sababu ya fedha. Sitaamua hapa nani mkweli. Ninachotaka kionekane ni kwamba mgogoro wenyewe uliendeshwa kwa visa. Kila upande ulileta kisa cha wimbo ulivyozaliwa, kwa nani, lini, kwa uchungu gani. Kisa kilikuwa hati ya shamba. Wanaosema visa havina maana waeleze kwa nini, pesa inapoingia, kila mtu hukimbilia kutafuta cha kwake.

Atakayenijibu kwamba zipo nyimbo ambazo kweli mtunzi wake hajulikani, atakuwa sahihi. Ni nyingi sana, pengine ni nyingi kuliko zenye watunzi. Lakini kutojulikana kwa mtunzi hakuufanyi wimbo uwe bure. Unakuwa wa watu waliouhifadhi, na hao wanajulikana. Sheria zetu zimekwisha kuliona hilo, angalau kwenye karatasi. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiutamaduni, inayoitambua jamii kuwa mmiliki na kuzitaka kaunti ziweke rejista. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake. Kinachokosekana ni habari za kujaza rejista hizo. Afisa wa kaunti hawezi kubuni wimbo fulani ni wa kina nani. Lazima mtu amwambie, na watu wenye habari hiyo, kwa wingi, ni hawa waimbaji wanaotoa albamu.

Lazima niweke mpaka mmoja, kwa sababu hoja yangu ikisukumwa sana inaweza kuleta madhara. Si kila kisa ni cha kutolewa. Bi Kidude alikuwa mwalimu wa unyago kabla dunia haijamjua kama mwimbaji wa taarabu, na nyimbo za unyago zina maelezo ambayo hutolewa ndani, kwa mwari, na kufungwa humo. Mwimbaji wa aina yake ana haki ya kuimba sehemu na kuficha sehemu, na kumwambia mwenye kamera kwamba wimbo huu maana yake haitoki nje. Hilo nalo ni maelezo kamili. Linamjulisha msikilizaji kwamba kuna wenyewe, na kwamba wenyewe wameamua. Vivyo hivyo kwa wimbo unaomtaja mtu ambaye watoto wake bado wako hai na aibu haijapoa. Tofauti ninayoitaka ni kati ya mtu anayenyamaza kwa kulinda amana na mtu anayenyamaza kwa kuficha alikochukua, na jamii husika huwa inaijua tofauti hiyo vizuri kabisa.

Ikiwa ninayoyasema yana ukweli, basi yapo mambo ya kubadilisha, na mengi ni madogo. Mwimbaji anayeandaa albamu aanze na orodha ya watu kabla ya orodha ya nyimbo: nani alinipa huu, yu hai, watoto wake wako wapi, nimeongeza nini, nimepunguza nini. Visa vikigongana, viandikwe vyote viwili. Mtayarishaji asikubali kuandika "asili" kwenye nafasi ya mtunzi kabla ya kuuliza maswali matatu au manne. Mtangazaji wa redio, ambaye huko nyuma alisoma jalada la santuri hewani hadi jina la mpiga ngoma, airudie kazi hiyo, kwa kuwa majukwaa ya mtandaoni huonyesha jina la msanii na picha, na mengine yote huyaficha mbali. Sisi waandishi tuache kumuuliza mwimbaji kama mume wa kwenye wimbo ni wake.

Kubwa zaidi ni fedha. Mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya wimbo, hufuata majina. Fomu ya kusajili wimbo ina mstari wa mtunzi, mstari wa mpangaji muziki, mstari wa mwimbaji. Mwimbaji wa muziki wa asili hufika pale akiwa na wimbo aliofundishwa na shangazi yake na kuurekebisha nusu, na fomu haina mahali pa kumweka shangazi. Hujiandika yeye mtunzi, kisha wazee wanamwita mwizi, au huandika "asili", kisha hakuna anayelipwa, yeye na shangazi pamoja. Fomu inaweza kuongezewa mstari mmoja: umepokelewa kwa nani. Ofisi ya hakimiliki ikitaka kuanza kesho, inaweza kuanza na wasanii waliokwisha kusimulia mbele ya kamera, kwa maana majina wameshayataja, kijiji wameshakitaja, na baadhi ya mashangazi hao bado wanatwanga.